Hukumu ya Dar, mali ziko Nairobi

Msomaji mmoja wa Kariakoo ameniandikia wiki hii. Ameshinda kesi dhidi ya muuzaji wa Nairobi aliyekula malipo ya mzigo, hukumu anayo mkononi, na anauliza kwa nini dalali wa mahakama haendi kukamata mali. Hongera kwa ushindi, ndugu yangu, lakini karatasi hiyo haivuki Namanga yenyewe. Dalali wa Dar hana mamlaka ya kugusa hata kiti upande wa pili. Hukumu isajiliwe kwanza Mahakama Kuu ya Kenya, ndipo ikaziwe, yaani itekelezwe, kama hukumu ya huko.

Njia ipo. Sheria ya Kenya ya hukumu za kigeni, Sura ya 43, ya mwaka 1984, inahusu nchi 8: Tanzania, Uganda, Rwanda, Malawi, Zambia, Ushelisheli, Australia na Uingereza. Una miaka 6 ya kuomba usajili. Wakili wa Nairobi atahitaji nakala ya hukumu iliyothibitishwa na mahakama iliyoitoa, pamoja na kiapo kinachoonyesha deni lililobaki na kwamba hukumu bado inaweza kukaziwa Tanzania. Kama imeandikwa kwa Kiswahili, ambatisha tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa, maana lugha ya Mahakama Kuu ya Kenya ni Kiingereza. Na kama umeshinda mahakama ya chini, mwambie wakili apime kama hukumu hiyo inasajilika kabla hujalipa ada yoyote.

Sasa tuje kwenye samansi, yaani wito wa mahakama kwa mdaiwa, kwa sababu hapa ndipo jasho la miaka linapomwagika bure. Usajili ukishatoka, mdaiwa hupewa taarifa na muda wa kuupinga, na hukumu haikaziwi mpaka muda huo upite. Atasema hakuitwa. Hukumu ikiwa ya upande mmoja, yaani ilitolewa bila yeye kufika, hoja hiyo ina meno. Kwa hiyo kabla ya kumpelekea mtu samansi nje ya nchi, omba ruhusa ya mahakama. Kisha mpeleka samansi aape kwa maandishi: siku gani, saa ngapi, ofisi ipi, nani alipokea, na muhuri upi uligongwa kwenye nakala. Picha ya tiki mbili za bluu haitakuokoa kama mahakama haikuagiza samansi ipelekwe kwa simu. Inaniuma kuona mtu mwenye haki anaangushwa na kiapo cha mistari mitatu.

Mali nazo hutafutwa mapema, tangu siku unayofikiria kushtaki. Fomu ya CR12 kutoka msajili wa kampuni wa Kenya itakuonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Ardhi huichunguzi bila namba ya hati. Akaunti ya benki ndiyo tamu zaidi: baada ya usajili, Amri ya 23 ya kanuni za madai za Kenya inaruhusu mahakama kuiagiza benki ikulipe wewe badala ya mteja wake.

Ukiwa umetapeliwa, usisubiri hukumu. Siku hiyohiyo iandikie benki yako iombe fedha zirudishwe, na udai nakala ya ujumbe wa malipo uliotumwa kwa SWIFT, mtandao wa mawasiliano ya benki (zamani MT103, tangu Novemba 2025 ni pacs.008). Ndani yake mna jina na akaunti ya mpokeaji. Namba ya UETR, utambulisho wa kipekee wa malipo hayo wenye alama 36, ndiyo inayofuatilia malipo benki hadi benki. Fedha zikishaingia kwa mpokeaji, benki yake kwa kawaida haizirudishi bila ridhaa ya mpokeaji huyo au amri ya mahakama. Zuio la muda la Dar, yaani amri ya kuzuia mali zisihamishwe, halisajiliwi Nairobi, kwa sababu linalosajiliwa ni uamuzi wa mwisho wa fedha. Lazima uombe zuio hukohuko, chini ya Amri ya 39, kwa ushahidi kwamba anahamisha mali ili kukwepa deni. Hofu peke yake haitoshi. Polisi waendee pia, ila kumfunga mtu si kulipwa.

Na nyinyi mnaosaini mikataba leo, acheni kuamini tabasamu la dukani! Mkiagiza China au Dubai, wekeni kifungu cha usuluhishi kinachotaja mji, idadi ya wasuluhishi na lugha. Tanzania, Kenya, China na Falme za Kiarabu zote zimo kwenye Mkataba wa New York wa 1958, kwa hiyo tuzo ya msuluhishi, yaani uamuzi wake, ina njia ya kutambuliwa hata pale ambapo hukumu ya Dar haiko kwenye orodha ya mtu yeyote.