Nafaka tunazo, kimea tumekiacha

Swali la wiki hii lilikuwa: ni desturi ipi ya mababu inayoweza kuimarisha afya ya mtu wa mjini leo? Jibu langu: kuotesha nafaka na kuichachusha. Yaani kimea (unga wa nafaka iliyooteshwa) na togwa (kinywaji cha uji uliochachushwa).

Wengi wanaohimiza kula kama watu wa kale huishia kutukataza nafaka. Mababu wa huku walikula mtama, uwele na ulezi (mahindi ni mgeni, asili yake Amerika). Nafaka bado tunazo. Maandalizi yake ndiyo tuliyoyaacha. Ulezi una chuma, zinki na kalsiamu, lakini sehemu kubwa imeshikwa na asidi ya fitiki iliyomo ndani ya punje, hivyo mwili unaambulia kidogo. Punje ikiota, vimeng'enya vyake (protini zinazovunja vitu) huanza kuivunja asidi hiyo, na uchachu unaendeleza kazi. Ndiyo maana unga wa lishe wenye nafaka kumi zisizooteshwa, na karanga mbichi humo humo, haunishawishi. Karanga huharibika upesi kwa joto la Dar, na zikiwa na sumukuvu (sumu ya ukungu) zinaharibu mfuko mzima.

Kwa kimea, nunua kilo moja ya ulezi soko la Tandale au Kariakoo, mkavu, usionuka ukungu. Usichukue mbegu ya kupandia, huwa imetiwa dawa. Uoshe kwa kuumimina polepole kutoka bakuli moja hadi jingine, mchanga ubaki chini. Loweka saa 12, chuja, kisha utandaze juu ya kitambaa safi chenye unyevu, unene usizidi sentimita mbili, na ufunike kwa kingine. Nyunyiza maji safi asubuhi na jioni, ukiugeuza kwa mkono. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wakiurundika, katikati unapata joto na ukungu unaingia. Ukiona utando wa kijani au mweusi, tupa wote. Kuuosha au kuupika hakuondoi sumukuvu.

Baada ya siku mbili hivi, kila punje imetoa uzi mweupe wa sentimita moja. Anika juani mpaka nyuzi zikatike ukisugua viganjani, pepeta, saga. Wakati wa masika usianze kama huna hakika ya jua la siku mbili. Usikaushe kwa moto mkali, vimeng'enya vitakufa. Na anayeanza asioteshe mtama: miche yake ina kemikali inayotoa sumu ya sianidi, na kuiondoa vizuri kunataka uzoefu.

Togwa sasa. Pika uji wa lita nne kwa unga wa mahindi au mtama usiozidi nusu kilo, uive dakika 20. Uache upoe hadi uwe vuguvugu, kidole kikae ndani bila kuungua. Tia vijiko vinane vya kimea, koroga. Uji uliokuwa ukining'inia kwenye mwiko utaanza kulegea na kudondoka kama maziwa, kwa sababu wanga unavunjwa. Usipolegea, ama uliutia kimea ukingali wa moto sana, ama kimea hakikuota vya kutosha. Kikombe cha togwa ya jana kitaharakisha uchachu. Funika kwa kitambaa. Kwa joto letu saa 12 hadi 24 zinatosha. Uchachu mkali wa asidi ya laktiki huzuia bakteria wengi wa kuharisha kukua, ila hauokoi maji machafu wala chombo kichafu.

Mtoto mdogo atengenezewe tofauti. Uji mzito ukishalegezwa kwa kimea, urudishe jikoni uchemke tena, kwa sababu kimea ni kibichi na kimekaa na unyevu siku mbili. Faida kwake ni kubwa: uji unakuwa mwepesi bila kuongezwa maji, hivyo tumbo lake dogo linapokea chakula kingi zaidi.

Sukari usiongeze, kimea kimeshatoa utamu wake. Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye kisukari asiinywe togwa kama maji. Kikombe kidogo, tena akihesabu kuwa ni sehemu ya wanga wa mlo huo. Weka iliyobaki kwenye friji na uimalize ndani ya siku mbili. Ikiendelea kuchachuka inageuka pombe, na watoto hawapaswi kuigusa.