Chungu kimoja kwa siku: wikiendi ya kula Moshi wakati wa baridi

Mwaka juzi, mwezi wa saba, niliwaalika ndugu na marafiki kumi kutoka Dar waje Moshi wikiendi moja, tule vya kwetu na kupumzika. Kwa furaha ya kuwapokea nilipanga sehemu saba kwa siku mbili. Jumamosi saa mbili usiku bado tulikuwa Marangu, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, tunamsubiri mbuzi tuliyemwagiza tulipofika, saa kumi jioni. Ukungu ulishashuka, manyunyu yameanza, watoto wamelala ndani ya gari, na shemeji yangu amejifunika khanga mbili mabegani. Mbuzi alipoletwa, mapaja yalikuwa bado na damu. Iliniuma sana, maana watu wale walikuwa wamekaa barabarani siku nzima kwa kuliamini neno langu.

Tangu hapo nimepeleka makundi mengine manne, na yote nimeyapanga kwa namna moja: chungu kimoja kikubwa kwa siku. Mlo mmoja ndio unaoagizwa mapema na kupewa nafasi yake, na siku nzima inauzunguka. Vingine vikitokea njiani, sawa. Visipotokea, hakuna aliyepungukiwa.

Sababu iko jikoni. Chakula cha mlimani hakikubali haraka. Mtori unaanza na nyama yenye mifupa, ichemke hadi ilainike yenyewe. Ndizi zinamenywa, zinapikwa mpaka ziive kabisa, zinapondwa, ndipo zinarudishwa kwenye ile supu. Ukisikia mabonge mdomoni, ujue mpishi alikimbizwa. Kiburu, yaani ndizi zilizopikwa na maharage, nacho kinasubiri maharage, na maharage hayaharakishwi. Ndiyo maana kundi la watu wanane likifika saa saba bila taarifa litakula chipsi, na litarudi Dar likisema Moshi hakuna chakula.

Kwa hiyo piga simu Alhamisi. Zungumza na mpishi mwenyewe, siyo kijana wa mapokezi. Mwambie idadi ya watu, mtume nusu ya pesa, kisha mtajie saa ya kula, siyo saa ya kufika. Mimi zamani nilikuwa nasema, "Mama, tutakuja mchana." Mchana ni mrefu. Siku hizi nasema, "Mama, shikamoo, tunaomba tukae mezani saa nane," na sufuria linabandikwa kwa hesabu hiyo. Ukiomba mtori au machalari, yaani ndizi zilizopikwa na nyama, uliza kama atapata mshare. Ndizi nyingine zitapikika, lakini mshare ndiyo inayolainika na kushikana na supu vile inavyotakiwa.

Kabla ya simu hiyo, muulize kila mtu, peke yake, asichokula. Usiulize kwenye grupu la WhatsApp, maana wengine wataona haya. Hili nalisisitiza kwa sababu ya kisusio, ile supu ya mbuzi inayotiwa damu. Wenyeji tunaipenda na tutampa mgeni kwa moyo mweupe, lakini kwa Mwislamu ni haramu, na wapo Wakristo ambao damu hawaigusi. Mgeni aambiwe kilichomo kabla bakuli halijafika mbele yake. Kama kuna Waislamu kwenye msafara, hakikisha pia nani anachinja na kama jiko hilohilo linatengeneza kitimoto.

Idadi nayo ina maana. Watu sita au saba wanaenea kwenye Noah moja, wanafika pamoja na wanakaa meza moja. Tulipokuwa kumi na mmoja tulikodi magari mawili, na nusu ya Jumamosi iliishia kwenye "mko wapi?" na "tunakuja". Dereva akubaliane nanyi mapema kwamba hanywi hata tone hadi mmerudi mjini. Barabara ya kushuka ina kona, na mbege, pombe yetu ya ndizi, ni tamu.

Baridi yenyewe huwa inawadanganya wageni. Moshi mjini ni mita 800 na ushee kutoka usawa wa bahari. Geti la Marangu, la kuingilia hifadhi ya mlima, limepita 1,800. Kila unapopanda mita 1,000, joto hushuka kwa nyuzi sita hivi, na Juni hadi Agosti mawingu yanaweza kukaa siku nzima bila mlima kuonekana. Mtu anashuka kwenye basi na fulana, anaona mjini kunavumilika, anaacha sweta chumbani. Mpitishe soko la Memorial kwanza, kuna makoti ya mitumba yatakayomfaa mpaka arudi.

Jumamosi yangu sasa inakwenda hivi. Tunaondoka mjini saa tatu, wala siyo alfajiri, tunapitia Himo na kupanda hadi Marangu, kilomita 40 hivi. Tukifika tunaingia kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, cha mwenyeji anayepokea wageni. Kuanzia Julai kahawa mlimani huanza kuiva, kwa hiyo mnachuma nyekundu wenyewe, mnaonyeshwa jinsi ya kuimenya, kisha mnapewa iliyokwisha kukauka mtwange kwenye kinu, mpepete, mkaange chunguni. Wakati wa kukaanga ndipo kila mtu anasogea jikoni, kwa harufu na kwa joto la moto. Hakuna anayeangalia saa. Kahawa inanywewa palepale, na mtori unafika saa nane kama ulivyoagizwa. Mbege naiweka baada ya chakula. Imetengenezwa kwa ndizi na ulezi, na inashibisha. Mgeni akiianza na njaa, bakuli la mtori atalionja tu. Baada ya hapo sipangi chochote. Anayetaka kutembea hadi maporomoko atembee, anayetaka kulala kwenye kiti alale.

Jumapili iwe nyepesi. Asubuhi wapishi wengi wa mlimani wako ibadani, kwa hiyo usipande. Supu na chapati mjini zinatosha, na chungu cha siku hiyo kiwe nyama choma ya mchana, jirani na stendi kwa wanaosafiri. Mtu atakushauri mkimbie Arusha, kilomita 80 tu, mkale nyama Kwa Mrombo. Nyama ya huko ni nzuri kweli, lakini Arusha ipeni wikiendi yake.

Pesa ashike mtu mmoja, na siyo anayeongoza msafara. Chakula, usafiri na malazi mgawane sawa, zikusanywe kabla ya Jumatano. Vinywaji kila mtu ajilipie. Nimeona urafiki wa miaka ukiingia doa kwa sababu ya bili ya bia ambazo wengine hawakuzinywa.

Mwisho, Jumamosi kabla ya kushuka, muombe mama mwenye jiko akuuzie mkungu wa mshare ambao haujakomaa sana. Kwenye joto la Dar zitaiva upesi, kwa hiyo mwambie kila mmoja apike mtori wake kabla ya Jumatano.