Maswali yenu: korongo, kijito na amana ya ardhi

Barua za wiki hii zinauliza kuhusu makorongo ya misitu huko Marekani, yale ambayo vikundi vya wenyeji, viitwavyo amana za ardhi, hukusanya fedha na kuyalinda yasikatwe viwanja.

*Amana ya ardhi ni idara ya serikali?*

Hapana. Ni shirika la watu binafsi lisilotafuta faida. La kwanza la namna hiyo lilianzishwa Massachusetts mwaka 1891, kwa juhudi za msanifu wa mandhari Charles Eliot, miaka minne kabla ya Waingereza kuanzisha National Trust, shirika lao la kuhifadhi ardhi na majengo ya kale.

*Mwenye shamba akikataa kuuza, mambo yameishia hapo?*

La. Kuna mkataba wa hifadhi kati yake na amana. Ardhi inabaki yake: anaishi humo, anaweza kuiuza au kuirithisha. Anachokiachia ni haki ya kuikata viwanja au kuijengea. Mkataba husajiliwa pamoja na hati ya ardhi, kwa hiyo humfunga hata mnunuzi wa baadaye ambaye hakuweka sahihi. Akiutoa bure, anaweza kupata nafuu ya kodi ya shirikisho, ila sharti mkataba uwe wa milele. Mkataba wa miaka 30 haumpi nafuu hiyo.

*Korongo lenyewe ni jembamba, nani angejenga humo? Mbona kelele zote hizi?*

Swali hili nalipenda, maana hatari kubwa mara nyingi iko juu, ukingoni. Mvua ikinyesha msituni, maji huzama taratibu ardhini na kijito huendelea kulishwa hata kiangazi. Mapaa na barabara za lami zikienea kule juu, mvua ile ile hushuka yote kwa saa chache. Huchimba kitako cha kijito, huangusha kingo, na changarawe ambamo samaki hutaga mayai hufunikwa na tope. Ukikata miti ya kandoni nayo, kivuli kinaondoka, maji yanapata joto, na samaki wa maji baridi kama trauti hawawezi kustahimili. Hata gogo lililoanguka majini lina kazi: hupunguza kasi ya maji na kutengeneza vidimbwi vya samaki wachanga. Kwa hiyo, amana inayonunua shimo la korongo peke yake na kuwaachia wajenzi miteremko, kwa maoni yangu imefanya nusu ya kazi.

*Je, serikali au kampuni haiwezi kuitwaa ardhi hata kama imelindwa?*

Inawezekana. Sheria ya Marekani inaruhusu ardhi kutwaliwa kwa manufaa ya umma, kwa fidia. Mwaka 1905 William Kent na mkewe Elizabeth walinunua korongo la Redwood Creek, kaskazini mwa San Francisco, kwa dola 45,000, miti yake mikubwa ikiwa bado imesimama. Miaka miwili baadaye kampuni ya maji ilikwenda mahakamani ikitaka kulitwaa ili ijenge bwawa. Kent hakukaa kusubiri hukumu. Aliitoa bure kwa serikali ya shirikisho sehemu ya ekari 295, na tarehe 9 Januari 1908 Rais Theodore Roosevelt akaitangaza kuwa eneo la kumbukumbu la taifa. Ndiyo Muir Woods ya leo. Kampuni haikuweza kutwaa ardhi ya serikali ya shirikisho, na bwawa halikujengwa.

*Tukishapata fedha za kununua, nini kinafuata?*

Swali hili lilipaswa kuja kabla hamjachangisha senti ya kwanza. Tengeni mfuko wa pili, wa ulinzi, kwa sababu mpaka unahitaji kukaguliwa kila mwaka, na jirani akifyeka miti yenu mtahitaji wakili. Siku ya kusaini mkataba wa hifadhi, pigeni picha za kila pembe, chorani ramani, andikeni hali ya kingo na miti, na mwenye ardhi atie sahihi. Bila kumbukumbu hizo, miaka 20 baadaye mtasimama mahakamani mkibishana kama njia ile ya matrekta ilikuwepo tangu mwanzo.