Re: Dar hadi Dubai, saa 5 na nusu au 6 na nusu?

Salaam ndugu. Umesema tiketi inaonyesha kuondoka Dar 16:45 na kufika Dubai 23:20, lakini mtandao unasema safari ni saa 5 na dakika 35. Zote sawa. Kwanza angalia majira: Dubai iko mbele yetu kwa saa moja, na tiketi huandika saa za kila mji. Kutoka 16:45 hadi 23:20 ni saa 6 na dakika 35; toa hiyo saa moja, inabaki saa 5 na dakika 35. Ukirudi inageuka, safari inaonekana fupi, watu hushangilia bure!

Umbali kwa mstari ulionyooka angani ni takriban kilomita 3,980. Tiketi yako sijaiona; kama ina kituo Nairobi au Addis Ababa, hesabu hii haikuhusu. Mwambie anayekupokea "saa tano na dakika ishirini usiku, saa za Dubai".