Gari haivuti? Usikimbilie duka la spea

Gari ikianza kukosa nguvu, kila mtu anageuka fundi. Huyu anasema pampu, yule nozeli, jirani anaapa injini imekufa. Mimi naendesha Toyota IST, safari nyingi za Dar na Iringa, na siku hizi sinunui spea kabla ya kujua nguvu zinapotea wakati gani.

Ikiwa inatetemeka kwenye silensa, yaani injini inanguruma bila kukanyaga mafuta, na kushtuka-shtuka ukikanyaga, hiyo inamisi: kuna silinda haiunguzi mafuta sawasawa. Anza na plagi na koili, ile inayoipa plagi umeme wa cheche. IST ina koili nne, kila silinda na yake, kwa hiyo kipimo ni cha bure: fundi ahamishie koili anayoishuku kwenye silinda nyingine. Misi ikihama nayo, mchawi kapatikana. Na taa ya cheki injini ikiwa inapepesa, usiendelee kukanyaga. Petroli ambayo haikuungua kwenye silinda inakwenda kuungulia kwenye masega, kile kichujio cha ekzosi kinachosafisha moshi, na masega ni ghali kuliko koili.

Yakishaziba hayo masega, moshi hautoki vizuri na gari inakuwa nzito, hasa ukitaka mwendo. Utaambiwa uyatoboe. Mimi sitaki: hewa chafu inatoka yote, na kilichosababisha yazibe bado kipo.

Kuna gari nyingine mjini haina shida, ila ikifika mlima Kitonga, kwenye njia ya Iringa, inachoka. Hapo nashuku mafuta hayafiki ya kutosha: filta imeziba au pampu imechoka. Pampu inapimwa presha kwa geji, na mimi husimama pale pale nikiangalia. Fundi anayetaka kuibadilisha kwa kuisikiliza tu, aga uondoke.

Ea klina, filta ya hewa ya injini, itoe mwenyewe uitazame. Kwenye vumbi inachafuka mapema, usisubiri kilomita zilizoandikwa kitabuni.

Pengine injini haina kosa kabisa. Mshale wa rpm, yaani mizunguko ya injini, ukipanda na mwendo hauongezeki, angalia klachi au gia boksi. Ukisimama, sogeza mkono karibu na rimu, usiiguse. Yenye joto kuliko wenzake, breki yake inashika.

Halafu kuna mwinuko. Injini isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo gari iliyotoka Dar ikilegea kidogo Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari, usifungue boneti.