Kabla ya kujumlisha, soma masharti ya kila mkopo

Ndugu uliyeuliza kati ya Tanzania na Kenya ni nchi ipi inadaiwa zaidi kwa mikopo ya serikali kwa serikali, na ipi itamaliza kulipa mapema, tafadhali usiwasilishe hilo jedwali lako. Upande wa Tanzania umeweka deni lote la nje linalotangazwa na Benki Kuu, ambalo ndani yake kuna pia mikopo ya kampuni binafsi. Upande wa Kenya umeweka deni la umma pekee. Hapo tayari umeionea nchi moja.

Hilo hata hivyo hurekebishika kwa jioni moja. Linaloniumiza ni sentensi yako kwamba mkopo ukitoka kwa serikali nyingine basi una masharti nafuu. Sentensi hiyo hiyo tulifundishwa hapa Dar es Salaam na mkufunzi aliyelipwa vizuri, tukaijengea ripoti nzima, na ripoti ikakataliwa mbele ya watu tuliowaheshimu. Mpaka leo sijamsamehe, kwa sababu mikataba yenyewe hakuwahi kuifungua.

Itazame reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi. Mwaka 2014 Kenya ilikopa kwa Benki ya Exim ya China, benki ya serikali ya China, mafungu mawili kwa ajili ya reli hiyo moja, na mikataba yake ikawekwa hadharani Novemba 2022. Fungu la kwanza, dola bilioni 1.6, lina riba ya asilimia 2 isiyobadilika, miaka 20 ya kulipa na miaka 7 ya neema, yaani kipindi ambacho mtaji bado haurejeshwi. Fungu la pili, dola bilioni 1.63, lilipewa miaka 15, neema ya miaka 5, na riba ya LIBOR, kiwango cha soko la London kilichokuwa kikipanda na kushuka, ikiongezwa asilimia 3.6. Riba za dola zilipopanda duniani kuanzia 2022, fungu la kwanza halikutikisika, ilhali la pili lilipanda nazo na kuibana bajeti ya Kenya, nchi ambayo mwaka 2025 ilitangaza kuyahamishia madeni ya reli hiyo kwenye yuan ili kupunguza gharama. Katika jedwali lako mafungu yote mawili yamekaa safu moja, kama pacha.

Sasa njoo kwetu. Mkopo mkubwa wa SGR, reli ya kisasa ya Tanzania, uliosainiwa Februari 2020, dola bilioni 1.46, ulisimamiwa na benki ya biashara ya Standard Chartered, sehemu yake ikidhaminiwa na taasisi za mikopo ya mauzo ya nje za Denmark na Sweden. Kwa hiyo hauonekani kwenye safu yako ya mikopo ya serikali kwa serikali, nawe ukahitimisha kwamba Tanzania imejihadhari zaidi. Isitoshe, Tanzania ilikamilisha masharti ya msamaha wa HIPC, mpango wa kuzipunguzia madeni nchi maskini zenye madeni makubwa, Novemba 2001, na wakopeshaji wa Kundi la Paris, yaani serikali zinazokopesha nchi nyingine, wakafuta sehemu kubwa ya walichotudai. Kenya haikuupata msamaha huo. Na China hiyo hiyo ndiyo iliyotukopesha sisi na Zambia fedha za kujenga TAZARA, reli ya Dar es Salaam hadi Zambia, kati ya 1970 na 1975, bila riba hata senti.

Basi vunja hiyo safu. Kila mkopo uandikie mstari wake: nani amekopesha, kwa sarafu gani, riba inabadilika au la, neema ni miaka mingapi, na marejesho yanaanza lini. Ukikosa masharti ya mkopo fulani, acha nafasi yake wazi, usiyakisie. Anza na mafungu hayo mawili ya Kenya, kisha ulete jedwali hapa tulipitie pamoja.