Kabla hujamwita fundi aipige Windows upya

"Kamwene kaka." Ndivyo alivyoanza msomaji mmoja wa Kihesa, Iringa, kwenye ujumbe alionitumia Jumapili usiku. Ana steshenari yenye kompyuta mbili, na pembeni anafanya uwakala wa fedha za simu. Asubuhi moja kafungua duka, kakuta mafaili ya mahesabu hayapo, na kwenye laini ya uwakala zimetoka shilingi 1,850,000 ambazo hakuzitoa yeye. Akaniambatishia picha 14 za skrini. Mwishoni kabisa akaongeza: "Kompyuta nimeshampa fundi kaipiga Windows upya, sasa iko safi. Tunaanzia wapi kumpata mwizi?"

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Sikumkasirikia hata kidogo. Neno "safi" ndilo lililonichoma, kwa sababu nami niliwahi kuisafisha kompyuta ya mtu kwa namna yangu, na nilichokifuta siku ile hakijarudi mpaka leo.

Ilikuwa Juni 2017, ile baridi ya Mbeya inayokufanya ushike kikombe cha chai kwa mikono miwili. Nilikuwa fundi wa kompyuta Mwanjelwa, nina meza moja na jina zuri. Jumatatu asubuhi akanipigia mama mmoja mwenye duka la pembejeo Uyole. "Mwanangu, njoo upesi, nimeibiwa na mtu wa ndani." Kumbukumbu za mauzo ya mbolea za wiki tatu zilikuwa zimefutwa, na pesa kwenye droo hazilingani na magunia yaliyotoka.

Nilifika, nikaiwasha kompyuta, nikachomeka flashi yangu. Kisha nikapakua programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa na kuisakinisha kwenye hadidiski ile ile. Nataka uelewe uzito wa kosa hilo. Faili likifutwa, kompyuta haiyaondoi yaliyomo papo hapo, inaandika tu kwamba nafasi ile sasa iko wazi. Yaliyomo yanaendelea kulala pale hadi kitu kingine kije kuandikwa juu yake. Kitu hicho kingine nilikileta mimi kwa mkono wangu. Na sikuishia hapo. Nikaendesha antivairasi, ikapita kwenye maelfu ya mafaili. Nikafungua mafaili ya mahesabu moja moja nikitafuta la maana, nikayahifadhi upya. Saa saba mchana nilikuwa nimepata nusu ya kumbukumbu, nimezichapa kwenye karatasi, na mama ananishukuru kwa machozi. Nilirudi Mwanjelwa najiona shujaa.

Kesi ilipofika mahakamani niliitwa kuwa shahidi. Wakili wa utetezi alikuwa mpole, hakupaza sauti hata mara moja.

"Shahidi, siku ile kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana, kompyuta hii alikuwa akiitumia nani?"

"Mimi."

"Kuna mahali uliandika ulichokuwa unakifanya?"

"Hapana."

"Tarehe za mafaili haya, kama yanavyoonekana leo, ni za siku gani?"

Zilikuwa za siku ile niliyokuwa nimekaa mimi kwenye kiti. Akageuka kwa hakimu, akasema hana swali lingine. Mshtakiwa aliachiwa, na simlaumu hakimu, kwa ushahidi ule hata mimi ningemwachia. Nje ya mahakama mama aliniangalia akasema, "Mwanangu, mimi nilikuita unisaidie." Tumekutana sokoni mara kadhaa tangu siku ile. Ananisalimu, naitikia, basi.

Miaka iliyofuata haina simulizi. Nilisoma usiku, nikafanya mazoezi kwenye hadidiski mbovu nilizonunua kwa mafundi wenzangu, nikalipia kozi kwa pesa ya kununulia kiwanja.

Kitu kimoja nilichojifunza ni kwamba nilikuwa nikiilaumu sheria bure. Watu hupenda kusema mahakama zetu hazitaki ushahidi wa kompyuta. Si kweli. Mwaka 2000, kwenye Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu, shauri la Trust Bank dhidi ya Le-Marsh, Jaji Nsekela alikubali kwamba kumbukumbu za benki zilizo kwenye kompyuta nazo zihesabiwe kuwa vitabu vya benki, yaani zipokelewe kama ushahidi. Mwaka 2015 ikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao, na mwaka huo huo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki. Kifungu cha 18 cha sheria hii ya pili, kama ilivyotungwa, kinasema ushahidi hautakataliwa kwa sababu tu uko katika mfumo wa kielektroniki. Kisha kinaitaka mahakama, inapoupima, iangalie ulizalishwa vipi, ulitunzwa vipi, uadilifu wake ulilindwa vipi, na aliyeutoa alitambuliwa vipi. Soma tena maneno hayo, "ulitunzwa vipi." Wakili yule aliniuliza swali lililokuwemo ndani ya sheria.

Sasa niwasimulie la mwezi uliopita, nalo nalisimulia kwa fahari, sitaificha.

Mfanyabiashara wa jumla wa vifaa vya ujenzi pale Mafiati alikuta madeni ya wateja watatu yamefutwa kwenye programu ya mauzo. Mpwa wake, anayejua kompyuta kiasi, alikuwa ameshatoa logi za Windows, yaani kumbukumbu za nani kaingia na lini, kwenye faili na kuona akaunti ya kijana wa stoo iliingia Jumanne saa 23:14. Jumanne hiyo usiku kijana alikuwa dukani kweli, wakihesabu mali. Kila mtu akaona kazi imekwisha. Nilipofika nilimkuta kijana amekaa kwenye ndoo ya rangi mlangoni, uso umemwiva, akisubiri gari la polisi.

Safari hii sikukimbilia kibodi. Nilipiga picha skrini ilivyo na nyaya zilivyochomekwa. Nikapiga picha nyingine inayoonyesha saa ya kompyuta na saa ya simu yangu kwa pamoja. Kompyuta ilikuwa inawaka, nikaiacha iwake mpaka nikanakili RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kwenda kwenye diski yangu ya nje, maana ile ukizima umeme imepotea. Kila hatua nikaiandika kwenye daftari, na saa yake. Kisha ndipo nikatoa hadidiski, nikaiunganisha kupitia kifaa kinachozuia kuandika, nikachukua nakala kamili mbele ya mwenye duka na mashahidi wawili. Nikakokotoa heshi ya SHA-256, ambayo ni kama alama ya kidole ya data, ya diski halisi na ya nakala, herufi na tarakimu 64, zikafanana zote. Herufi moja tu ndani ya diski ikibadilika, heshi inakuja nyingine kabisa. (Wanaotumia MD5, njia ya zamani ya kukokotoa heshi, peke yake waache. Tangu 2004 inajulikana kwamba mafaili mawili tofauti yanaweza kutengenezwa yakatoa MD5 moja, na SHA-1, njia nyingine ya zamani, nayo ikapatwa na hayo 2017.)

Nilipofungua logi kwenye nakala niliona kitu ambacho mpwa hakukiona. Kwenye faili lake, mwisho wa kila saa kuna herufi Z. Maana yake saa hiyo ni ya UTC, saa ya kimataifa, si ya hapa. Sisi Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa tatu. Kwa hiyo 23:14 ya Jumanne kwetu ni 02:14, saa nane na dakika kumi na nne, usiku wa kuamkia Jumatano. Na daftari la mlinzi linaonyesha kijana alitoka saa sita kasoro dakika kumi. Duka lilikuwa na kufuli.

Tukio lenyewe lilikuwa namba 4624, yaani mtu kaingia, na aina yake ilikuwa 10. Aina ya 10 ni mtu aliyeingia kwa kuendesha kompyuta akiwa mbali. Anwani yake ya intaneti ilikuwa pale pale kwenye logi, na haikuwa ya dukani. Neno la siri la kijana lilikuwa limebandikwa kwenye karatasi ukutani, duka zima linalijua, pamoja na watu walioshaacha kazi. Anwani ile iko mikononi mwa polisi, ambao sheria ya 2015 inawapa njia ya kumtaka mtoa huduma atoe taarifa za mteja wake, kwa hiyo upande huo sitausemea. Kijana amerudi kazini. Baba yake alinifuata kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi.

Najua wengi mnaonisoma mnaitamani kazi hii. Mnaniuliza mnunue programu gani. Ndugu zangu, nunueni daftari. Andika uliyoyakuta. Andika uliyoyagusa, na saa, na nani alikuwepo. Unapoandika saa, iandike kwa namna moja tu, maana "saa mbili" ya mama muuza duka na "02:00" ya kompyuta zimepishana saa sita, na nimewahi kuona maelezo ya shahidi yaliyochanganya yote mawili kwenye ukurasa mmoja. Kifaa kikitoka mkononi mwako, andika kimekwenda kwa nani, naye asaini. Kompyuta iliyozimwa ibaki imezimwa. Inayowaka, kama hujui kunakili RAM, usiizime wala usiichezee, mwite anayejua. Ukiona mafaili yanafutwa mbele ya macho yako, hapo chomoa.

Na tuache tabia ya kumnyang'anya mfanyakazi simu na kuifungua kwa nguvu. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa chini ya sheria ile ile ya 2015. Ulianza ukiwa mlalamikaji, utajikuta umekaa benchi moja na mtuhumiwa. Wakubwa wa maduka, nasema nanyi! Mtu akishikwa kwa ushahidi uliovurugwa, mwizi anaondoka akicheka na asiyehusika anabaki na jina baya mtaani. Kijana yule wa ndoo ya rangi angekuwa mwanao, ungetaka wamwangalie kwa haraka ile?

Sasa nirudi kwako, ndugu yangu wa Kihesa. Kompyuta ile usiiwashe tena. Kuna mabaki huenda yamesalia, lakini kila dakika ikiwaka yanapungua, na kama ina SSD, zile diski za kisasa zisizozunguka, matumaini ni madogo zaidi. Fundi aandike kwa mkono wake alichofanya, lini, na kama alichukua nakala yoyote. Nenda polisi upate RB, ile namba ya taarifa yako, leo, kwa sababu kumbukumbu za muamala ziko kwa kampuni ya simu, na polisi ndio wenye njia ya kuzidai. Ujumbe wowote wa kitapeli uliokujia usiufute, namba yake itume 15040, namba ya kuripoti utapeli. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Zile picha 14 za skrini zitunze, ila simu yenyewe yenye ujumbe ndiyo yenye uzito, kwa hiyo usiiuze wala usiibadilishie mfumo.

Na kuna kitu kwenye picha yako ya saba hukukisema. Juu ya kaunta naona kamera. Mashine ya CCTV hurekodi mpaka diski ijae, kisha inaanza kuandika juu ya siku za nyuma. Wewe leo ni siku ya tisa. Piga picha saa inayoonekana kwenye skrini ya mashine hiyo, yaani DVR, ikiwa pamoja na saa ya simu yako, andika tofauti yake, halafu chomoa umeme wa hiyo DVR. Ukishachomoa ndipo unijibu, hata kama ni usiku wa manane.